Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Safari ya Sagara, Mfuko wa Mashine na Hali ya Ada

Ndugu Wanachama,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, mwakeye.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha mwaka huu na kukiacha chama chetu cha wavuvi wa ndoano kikiwa bado kimesimama. Nawashukuru pia ninyi mliofika leo. Nikitazama ukumbini naona sura zile zile ninazoziona kila mkutano, na Mungu awalipe. Wengi niliotaka wanisikie hawapo. Ndiyo maana nimemwomba Katibu aichape taarifa hii na kuibandika mwaloni Kibirizi na Katonga, ili kila mtu aisome kwa macho yake badala ya kuhadithiwa kijiweni.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulifanya usafi wa mwalo, tulipanda miti ufukweni na mingine ikamezwa na maji ya ziwa yalipopanda, tulizika wenzetu wawili na rambirambi ikafika kwa wakati, tulipata semina ya jaketi za kujiokolea, na Kamati ya Utendaji ilikaa kila mwezi isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Hesabu zilikaguliwa na wajumbe wawili mliowachagua wenyewe. Hakuna senti iliyopotea.

Jambo lililotugusa wote ni kufungwa kwa ziwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Nchi nne zinazoligawana Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilikubaliana lipumzishwe ili samaki wazaliane. Miezi ile mitatu kila mmoja wetu anajua aliipitaje. Wapo waliokwenda kupiga matofali, wapo waliouza simu, wapo mama zetu waliokaa na vichanja vitupu huku marejesho ya vikoba yakiwasubiri. Chama kiliandika barua mbili kuomba wavuvi wadogo wafikiriwe kwa chakula na mtaji, na barua zote mbili niliziandika mimi kwa mkono wangu na kuzipeleka mwenyewe. Majibu hayajafika. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu linaungana na lile ninalotaka kulieleza kwa urefu leo.

Safari ya Sagara

Mwezi Septemba, ziwa likiwa limeshafunguliwa, chama kilipeleka timu ya watu wanne kwenye mashindano ya kuvua perege kwa ndoano katika Ziwa Sagara, upande wa Nguruka, wilayani Uvinza. Gharama yote ilikuwa shilingi 742,000. Humo kuna kiingilio cha shilingi 240,000, nauli ya treni na bodaboda, mtumbwi wa kukodi, malazi, chakula, na vifaa ambavyo vingi viko stoo mpaka leo na anayetaka kuviona aende akavione. Fedha hizo zilitoka kwenye Mfuko wa Mashine, ule wa kununulia mashine ya boti, uliokuwa na shilingi 1,180,000. Zikabaki 438,000, na baadaye ikaingia 100,000 nitakayoieleza. Kwa hiyo leo mfuko una shilingi 538,000.

Maneno yalianza hata kabla treni haijatoka stesheni. Ikasemwa mwenyekiti amekula fedha za mashine. Ikasemwa nimejiteua mwenyewe nikaenda kula bata Nguruka. Tuliporudi mikono mitupu ndipo yakaja yale yaliyoniuma kuliko yote, kwamba tulivua samaki wazuri tukawarudisha majini huku watu wametoka kukaa na njaa miezi mitatu. Nimenyamaza tangu Septemba kwa sababu sikutaka kujibizana kwenye kundi la WhatsApp. Mahali pa kujibu ni hapa, mbele ya mkutano, na kumbukumbu ziandikwe.

Nianze na fedha. Katiba yetu inasema matumizi yoyote yanayozidi shilingi 500,000 yaidhinishwe na mkutano wa wanachama, na akidi ni nusu ya wanachama wote. Tuko 64, kwa hiyo akidi ni 32. Nilipopata barua ya mwaliko wa mashindano niliitisha mkutano, na niliuweka makusudi siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa taa hawaendi ziwani, ili mtu asipate sababu. Walikuja 21. Katiba inataka mkutano urudiwe ndani ya wiki mbili. Tukaurudia. Safari hii Katibu alipita mwalo kwa mwalo na spika ya mkononi, na mimi binafsi niliwapigia simu wanachama kwa salio langu. Walikuja 17.

Sasa Katiba hiyo hiyo, ambayo wengi wetu tuliipigia makofi siku inapitishwa, inasema akidi isipotimia mara mbili, Kamati ya Utendaji itaamua kwa niaba ya wanachama. Kamati ina watu saba. Watano walikubali, wawili walikataa, na majina ya pande zote yamo kwenye muhtasari. Hakuna aliyeruka hatua hata moja. Ninachowaomba wale wanaosema hawakushirikishwa ni kwamba wafungue daftari la mahudhurio ya mikutano ile miwili na watafute saini zao. Nimelileta. Liko hapa mezani kwa Katibu.

Kuhusu mashine yenyewe, tuseme ukweli. Shilingi 1,180,000 hainunui mashine ya boti. Hata ukitafuta iliyotumika, yenye uzima, nguvu za farasi 15, utahitaji fedha nyingi kuliko hiyo. Mfuko ule ulianzishwa kabla yangu, nikaukuta una shilingi 310,000, na kilichoongezeka kimeongezeka chini ya uongozi huu. Fedha iliyokaa tu haizai, na bei za mashine hazikai kutusubiri. Kamati iliona heri kiasi fulani kitufungulie njia ya kipato kuliko kukaa benki kikikatwa makato. Hilo nililitetea kwenye Kamati, nalitetea leo, na kesho mkinirudishia swali hili nitajibu hivi hivi.

Timu tuliichagua kwa uwezo. Alikuwepo kijana wetu wa Katonga, ambaye kwa mshipi wa mkono hana mpinzani pande hizi. Alikuwepo binti wa Ujiji anayevua ngege kwenye miamba na baba yake tangu yuko shule ya msingi. Alikuwepo mzee wetu wa Bangwe. Na nilikuwepo mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu waandaaji walitaka kiongozi wa chama anayeweza kutia saini ya dhamana ya vibali, na kwa sababu maji nayajua. Chakula changu nilijilipia kutoka mfukoni, na Mhazini anaweza kuthibitisha kwamba sikuchukua posho ya siku hata moja. Mzee wa Bangwe alipewa posho kwa heshima ya umri wake, na hilo sijutii.

Nataka niwaeleze Sagara ilivyo, maana wengi waliosema maneno hawajawahi kuliona ziwa lile.

Sisi tumezoea ziwa la mawe na kina. Mtu akitupa mshipi nje kidogo tu ya miamba ya Bangwe, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, inashuka mpaka mkono unachoka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, la pili duniani. Sagara ni kitu kingine kabisa. Mto Ugalla unaingia pale, maji yanatanda, mafunjo yanafunga pande zote, kisha maji yanatoka kwenda kukutana na Malagarasi. Mtumbwi unasukumwa kwa upondo, na upondo unagusa tope karibu kila mahali. Maji si ya bluu, yana rangi ya chai. Viboko wapo, mamba wapo, na mwenyeji anayeendesha mtumbwi ndiye anayejua njia ipi ipitwe asubuhi na ipi ipitwe jioni. Maji yale pamoja na Ziwa Nyamagoma na mbuga za Malagarasi na Muyovozi ndiyo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, na ukubwa wake unazidi hekta milioni tatu. Ndiyo sababu vibali vilikuwa vingi na masharti makali. Haikuwa picnic.

Asubuhi ya kwanza timu yetu haikupata kitu cha maana. Tulikuwa na mishipi minene na chubwi nzito kama tunavyovulia huku, na kila tukitupa, chubwi inazama kwenye tope na ndoano inafunikwa na majani. Kinachopatikana ni kambare, anameza chambo chote na kusokota mshipi mpaka unakuwa wa kukata. Na kambare hakuhesabiwa. Wenzetu wa Tabora, waliozoea maji yaliyotulia ya bwawa la Igombe, walikuwa tayari na samaki watatu sisi tukiwa bado tunafungua mafundo.

Hapo ndipo niliposema tukate chubwi zote. Yupo aliyebisha, simtaji. Nilichukua kandambili kuukuu iliyokuwa kwenye mtumbwi, nikakata vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba, nikavitoboa kwa ncha ya ndoano, nikapitisha mshipi mwembamba, na ndoano ndogo tukaiacha ining'inie kiasi cha mkono mmoja tu chini ya maji. Minyoo tukaiweka pembeni kwa sababu ndiyo inayomwita kambare. Tukatumia donge la ugali lililokandwa na ule ukoga wa kijani unaoota kwenye mashina ya mafunjo. Perege ni mla majani na ukoga, kitu cha kwake unampa cha kwake. Kipande cha kandambili kikakaa juu ya maji kimya, kisha kikatikisika mara mbili, tatu, kikalala ubavu na kuanza kutembea kuelekea kwenye mafunjo. Perege havuti chini kama sangara. Anabeba na kuondoka. Ukivuta mapema umemkosa. Kijana wa Katonga alikosa mara mbili, ya tatu nikamwambia hesabu kwanza, akahesabu, akainua, na samaki akaja.

Kuanzia hapo tulikuwa na mashindano. Tulimaliza nafasi ya tano kati ya timu 14, na sisi ndio timu pekee iliyotoka Ziwa Tanganyika. Kijana wetu akachukua zawadi ya samaki mkubwa wa siku ya pili, perege wa sentimita 33, shilingi 200,000. Sheria ya mashindano inasema zawadi hiyo ni ya mvuvi mwenyewe. Nilikaa naye, tukazungumza kama baba na mwana, na kwa hiari yake akakabidhi nusu kwa chama. Hiyo ndiyo 100,000 niliyoitaja. Namwomba asimame apigiwe makofi. Kama hayupo leo ni kwa sababu yuko kazini, na huyo namsamehe.

Sasa nije kwenye samaki kurudishwa majini.

Mashindano yale hayapimi uzito wa samaki waliokufa. Kila mtumbwi una mwamuzi na ubao wenye alama za sentimita. Samaki akitoka majini, kwanza unalowesha mikono, kwa sababu mkono mkavu unamvua ute unaomkinga na magonjwa. Unamlaza kwenye ubao uliomwagiwa maji, mdomo ukigusa kizuizi cha mwanzo, mkia ukilala juu ya alama. Mwamuzi anasoma, anaandika, anapiga picha, na samaki anashushwa majini taratibu, unamshika mkiani mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Samaki watano warefu zaidi wanajumlishwa na hiyo ndiyo alama ya siku. Ndoano zote zilibanwa kwa plaizi ule mwiba wa nyuma, ili itoke bila kumrarua mdomo. Haya hatukuyatunga sisi. Ndiyo sheria, na anayeikataa haingii.

Mama mmoja wa Kibirizi, ninayemheshimu sana, aliniuliza mbele ya watu, "Mwenyekiti, mmevua kwa fedha zetu mkarudi bila hata wa kuonja?" Nilimjibu siku ile kwa kifupi. Leo namjibu kwa urefu, kwa sababu swali lake ni la haki na halikustahili majungu yaliyofuata.

Mama yangu, siku ya kwanza jioni tulipita karibu na ufukwe mahali ambapo maji ni haba na yametulia, na mwamuzi akatukataza kutupa mshipi pale. Chini tuliona mashimo ya duara kama sinia, moja baada ya jingine, yamefagiliwa safi kwenye tope, na katikati ya kila moja dume la perege limekaa linalinda. Wenzetu wa Nguruka wanayajua mashimo yale tangu utoto. Dume huchimba, jike huja kutaga, kisha jike huyachukua mayai yote mdomoni na kuondoka nayo. Anayatunza humo mpaka yanaanguliwa, na watoto wakishaanza kuogelea wakiona hatari wanarudi mdomoni kwa mama. Muda wote huo hali vizuri. Hawezi kutaga mayai kwa malaki kama samaki wengine, anataga yale yanayoenea mdomoni. Ukimtoa jike mmoja kwa wakati ule umetoa na mamia aliowabeba.

Kesho yake binti wetu wa Ujiji alimpata jike wa namna hiyo. Kwa kawaida jike aliyebeba hashiki chambo, huyu sijui aliigonga ndoano kwa hasira au vipi, ndoano ilimshika ukingoni mwa mdomo. Alipolazwa kwenye beseni akafungua kinywa, wakamwagika watoto wadogo, macho tu na mikia, hawana hata urefu wa punje ya mchele. Mzee wa Bangwe, aliyevua tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, alisogea akachungulia na kusema hajawahi kuwatazama, miaka yote amekuwa akipasua tumbo tu. Mwamuzi hakumpima yule samaki. Alichukua beseni lote akalishusha majini polepole, akaliinamisha, tukasubiri. Watoto walizunguka zunguka, mama akakaa, kisha wakaanza kumrudia.

Ndugu wanachama, mimi nilitoka pale nikiwa na uhakika kwamba tulifanya jambo sahihi kwenda, na jambo sahihi kurudisha. Ngege wetu ni ndugu wa perege yule, anabeba mayai mdomoni vile vile, na hapatikani popote duniani ila ziwa hili na midomo ya mito inayoingia humu. Malagarasi nako wapo perege wa bonde lile tu, na kati yao yupo ambaye tayari anatajwa miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Tukimmaliza ngege hapa hakuna ziwa jingine la kwenda kukopa mbegu.

Serikali ilitufungia ziwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na tulivumilia. Basi mvuvi wa ndoano anaporudisha jike aliyebeba, anafanya kazi ile ile bila kufungiwa. Wenye kokoro hawawezi kufanya hivyo. Kokoro linakokota mashimo, mayai, watoto na mama kwa pamoja, ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake haziwataki. Sisi wa ndoano tunamwona samaki mmoja mmoja uso kwa uso. Siku tukienda kuomba tusiwekwe kapu moja na wavuvi haramu, tunataka tuseme nini? Tuseme tunaomba tu, au tuseme hapa kuna chama ambacho watu wake wamekwenda Sagara, wamejifunza, wana ubao wa kupimia, wana cheti? Cheti kiko ofisini, kwa maana ya nyumbani kwa Katibu, kimewekwa kwenye fremu.

Na kipato, kwa wanaouliza faida. Wageni wanapita hapa Kigoma kila msimu wakienda kuona sokwe Gombe na Mahale. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, Mahale tangu 1985. Wanashuka, wanalala usiku mmoja, wanapanda boti, wanaondoka. Wengi wao kwao ni watu wa kuvua kwa fimbo na kurudisha samaki. Wangelipa, tena vizuri, kupelekwa asubuhi moja kuvua kuhe au ngege na mtu anayejua miamba, maeneo yanayoruhusiwa, maana Mahale hifadhi inaingia ziwani kilomita 1.6 na humo havui mtu. Lakini mgeni hatapanda mtumbwi wa mtu asiyejua kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki. Timu ya Sagara sasa inajua. Fimbo mbili za kuvulia tulizonunua ziko stoo. Huo ndio mtaji ninaousema, na naamini utarudisha hiyo 742,000 na kupita.

Wajumbe wawili waliokataa kwenye Kamati nawaheshimu kwa kukataa mezani. Mmoja wao lakini alikwenda kuandika nje ya Kamati mambo yaliyosemwa ndani, na hilo Katiba inalikataza. Sijampeleka popote. Nimemwacha kwa ajili ya umoja.

Mahudhurio na ada

Hapa nitasema wazi, na atakayechukia achukie. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, sawa na 24,000 kwa mwaka. Wanachama 64 tulipaswa kukusanya shilingi 1,536,000. Zimekusanywa 611,000. Waliolipa mwaka mzima ni 19. Wengine wamelipa nusu nusu, na wapo ambao tangu Januari hawajatoa hata shilingi. Deni la mwaka huu peke yake ni shilingi 925,000, mbali na la mwaka jana. Pigeni hesabu wenyewe: deni hilo ni kubwa kuliko fedha yote iliyokwenda Sagara. Kama kila mmoja angelipa, tungekwenda Sagara, tungerudi, na Mfuko wa Mashine ungekuwa haujaguswa.

Najua ziwa lilifungwa. Kwa sababu hiyo Kamati ilifuta faini ya ucheleweshaji kwa miezi ya Mei hadi Agosti, na wazo hilo nililileta mimi. Lakini Januari ziwa halikuwa limefungwa. Machi halikuwa limefungwa. Na Oktoba na Novemba dagaa walipotoka, watu tuliwaona, hatuwezi kudanganyana.

Mikutano ndiyo inayonisikitisha zaidi. Mwaka mzima hatukutimiza akidi isipokuwa mara mbili, na moja ya hizo ni siku tuliyogawa jaketi za kujiokolea. Siku ile watu walijaa mpaka barazani. Jaketi zilipokwisha, ajenda ya pili ilibaki na watu kumi na wachache. Mwanachama akipata msiba anajua namba yangu usiku wa manane, na mimi huamka. Mwanachama akikamatwa na doria leseni yake ikiwa na tatizo, mimi ndiye ninayekwenda kusimama mbele ya mabosi. Sisemi haya kujisifu, nasema yajulikane. Chama hakiwezi kuwa cha mwenyekiti, katibu na watu 17.

Kamati imeamua, kwa mujibu wa Katiba, kwamba mwenye deni la zaidi ya miezi sita hatapiga kura kwenye uchaguzi ujao na hatapewa barua ya utambulisho ya chama. Najua litaleta maneno. Yaje, lakini yaje mkutanoni.

Mwakani

Tunatarajia kuendeleza yale tuliyoyaanza. Kamati inatamani kuandaa mashindano yetu wenyewe ya ngege hapa Kigoma, ya kupima na kurudisha, tukiwaalika wenzetu wa Nguruka, Kaliua na Tabora, baada ya kushauriana na Idara ya Uvuvi na wenzetu wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vya mialo. Tarehe bado. Tunatarajia pia kufufua wazo la ofisi, kuendelea kuchangia Mfuko wa Mashine kadiri hali itakavyoruhusu, na kutafuta wafadhili. Zipo dalili nzuri, ila sipendi kutangaza kitu kabla hakijaiva. Mungu akipenda, mwaka ujao tutakuwa na habari.

Binti wa Ujiji amekubali kuwafundisha vijana kubana ndoano na kupima samaki kila Jumamosi asubuhi ya siku za mbalamwezi, mwaloni Katonga, bure. Mwanachama yeyote aje, awe na deni au asiwe nalo, ila aje na plaizi yake.

Nawashukuru Kamati, Katibu na Mhazini kwa kazi ngumu katika mwaka mgumu. Nakishukuru kikosi cha Sagara. Na naishukuru familia yangu, iliyovumilia nyumba kugeuzwa ofisi.

Mhazini atakaa mlango wa kutokea mpaka saa kumi jioni, ana kitabu cha stakabadhi. Taarifa kamili ya mapato na matumizi, pamoja na risiti zote za safari, ziko kwa Katibu na zitakaa mezani mpaka mkutano uishe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Kigoma